Barua ya Shule na Matayarisho ya Tathmini ya Gredi ya Sita: Mada kwa Walimu na Wazazi wa Runyenjes

Muhula wa tatu unapofunguliwa, barua inayotoka shuleni kwenda nyumbani huwa na mambo yaleyale: tarehe za tathmini ya Gredi ya Sita, pesa za chakula cha mchana, sare, siku ya maombi ya watahiniwa, na chini kabisa alama za mtihani wa majaribio pamoja na nafasi ya mtoto darasani. Mzazi akiisoma, au akisomewa, anajua mtoto wake atatahiniwa lini na amekuwa wa ngapi. Hajui mtoto anajua nini. Hoja ninayoileta mbele yenu leo ni moja. Habari ambazo shule huwapa wazazi ni sehemu ya matayarisho yenyewe ya tathmini, tena ndiyo sehemu tuliyoiacha ilale. Shule inayomwambia mzazi mapema, kwa lugha anayoielewa, ni nini mtoto ameweza na ni nini bado kinamshinda, humwandaa mtoto huyo vizuri kuliko shule inayonunua karatasi za majaribio kila wiki.

Kwanza tuutazame uzito wa tathmini hii, kwa sababu hofu nyingi tunayowatia watoto tumeirithi kutoka kwa mtihani ambao haupo tena. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya kwanza mwaka wa 1985 na mara ya mwisho mwaka wa 2023. Alama zake ndizo zilizoamua mtoto aende shule gani ya upili, na kwa miaka mingi ndizo zilizoamua kama ataenda popote. KPSEA, yaani tathmini hii ya Gredi ya Sita iliyoanza Novemba 2022, haikupewa kazi hiyo. Mtoto wa Gredi ya Sita anaingia Gredi ya Saba, na katika shule zetu za umma huingia akiwa katika uwanja uleule, kwa kuwa sekondari msingi imewekwa ndani ya shule ya msingi. Matokeo ya KPSEA hurudi baadaye, mtoto anapomaliza Gredi ya Tisa: huhesabiwa asilimia 20 ya alama za kumpangia shule ya upili. Tathmini za shuleni za Gredi ya Saba na ya Nane huchangia asilimia 20 nyingine, na KJSEA, tathmini ya mwisho wa Gredi ya Tisa iliyofanywa mara ya kwanza mwaka wa 2025, huchangia asilimia 60. Asilimia 20 si kitu cha kudharauliwa. Hata hivyo, 80 zilizobaki ziko mbele, na mtoto aliyekariri herufi za majibu ya kuchagua bila kuielewa hisabati yenyewe atakutana na hisabati hiyohiyo Gredi ya Saba akiwa mikono mitupu. Kwa hiyo matayarisho yanayofaa ni yale yanayoziba pengo la maarifa, hata kama faida yake haitaonekana yote mwezi wa Oktoba.

Ushahidi wa jambo hili tunao humu humu nchini. Mwaka wa 1998 na 1999, katika Busia na Teso, shule 100 za msingi zilihusishwa katika jaribio ambapo nusu yake, zilizoteuliwa kwa bahati nasibu, ziliahidiwa zawadi za walimu kulingana na matokeo ya wanafunzi katika mitihani ya wilaya. Waliolichunguza ni Paul Glewwe, Nauman Ilias na Michael Kremer, na uchunguzi wao ulichapishwa mwaka wa 2010. Alama za mitihani iliyofungamanishwa na zawadi zilipanda. Lakini watafiti walipoangalia darasani waliona kwamba mahudhurio ya walimu hayakubadilika, wala kazi ya nyumbani haikuongezeka. Kilichoongezeka ni vipindi vya ziada vya kuandaa watahiniwa. Zawadi zilipokoma, nafuu ile haikudumu. Simnyooshei kidole mwalimu wa Busia. Alifanya kile alichoombwa afanye. Aliombwa alama, akatoa alama. Nasi tukiwaomba walimu wa Runyenjes alama peke yake, tutapata mavuno ya namna hiyo hiyo.

Upande wa pili wa ushahidi ni wa zamani zaidi, na nafikiri umesahauliwa isivyostahili. Katika miaka ya 1970, wakati wa CPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliotangulia KCPE, mtafiti Tony Somerset alifanya kazi katika kitengo cha mitihani cha Wizara ya Elimu. Mageuzi yaliyofanywa wakati huo yalikuwa ya namna mbili. Maswali yalibadilishwa ili yapime kufikiri badala ya kukumbuka tu, na yasimpendelee mtoto wa mjini. Kisha shule zilitumiwa jarida lililoeleza ni maswali gani yaliwashinda watoto wengi, ni jibu gani lisilo sahihi walilolichagua, na ni kosa gani la kufikiri lililowafikisha kwenye jibu hilo. Pamoja na jarida hilo zilitolewa pia orodha za kupanga wilaya na shule kwa matokeo. Umma ukaishika orodha, jarida likabaki kwa wachache. Tangu hapo tumezoea kuuliza shule ilikuwa ya ngapi, na hata matokeo ya KCPE ya mwaka wa 2014 yalipotangazwa bila kupanga shule, wengi walilalamika kana kwamba wamenyimwa matokeo yenyewe. Ninachoomba ni tulirudishe lile jarida, safari hii liende hadi kwa mzazi.

Barua kama hiyo ingesema nini? Chukueni mtoto anayeulizwa nusu kujumlisha robo, naye akajibu mbili juu ya sita. Kosa hili mwalimu yeyote wa Gredi ya Nne na kuendelea analifahamu: mtoto amejumlisha viasi peke yake na asili peke yake. Barua ya kawaida itasema, “Hisabati: 46, nafasi ya 21.” Mzazi atagomba, au atauza kuku amlipie mtoto masomo ya ziada. Barua ninayoipendekeza itasema, “Mtoto anajumlisha sehemu zenye asili moja bila shida. Zenye asili tofauti bado zinamchanganya. Muulize: nusu debe ya kahawa na robo debe zikimiminwa pamoja, zinafika wapi?” Hapa Runyenjes, ni mzazi gani anayechuma kahawa asiyelijua jibu hilo? Anajua zinafika robo tatu, kwa sababu analipa au analipwa kwa debe. Na mtoto akisema mbili juu ya sita, ambayo ni theluthi moja, mzazi atamwonyesha kwa debe lenyewe kwamba theluthi haifiki hata nusu aliyoanza nayo. Kahawa imeongezwa, inawezaje kupungua? Mtoto akiligusa kosa lake kwa mkono, halitamtoka akilini haraka.

Mfano huo unajibu pingamizi la kwanza, kwamba wazazi wengi, na mabibi na mababu wanaolea wajukuu, hawakusoma vya kutosha kumsaidia mtoto wa mtaala wa umilisi. Kinachowashinda ni namna tunavyowaandikia. Mtaala wenyewe unataka mtoto wa Gredi ya Kwanza hadi ya Tatu afundishwe kwa lugha ya eneo lake, ambayo kwa sehemu kubwa ya huku kwetu ni Kiembu. Ikiwa lugha hiyo inatosha kumfundishia mtoto, inatosha pia kumweleza bibi yake. Asiyeweza kusoma atasomewa na mtoto mwenyewe, na huko kusoma kwa sauti jioni ni zoezi lingine. Niongeze kwamba habari ya mtoto mmoja iende kwa mzazi wake peke yake. Kwenye baraza la chifu, kanisani au katika kundi la WhatsApp la darasa, shule iseme habari ya darasa zima: kwamba wengi wanakosea sehemu, au kwamba wengi wanasoma hadithi ya Kiingereza bila kuweza kueleza kilichotokea. Kutangaza mtoto wa mwisho hadharani hakumfundishi kitu.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni lile la walimu wanaosema kwamba mtoto wa maskini hana ulinzi mwingine ila mazoezi ya mtihani. Mwenzake wa akademia ana vitabu, ana taa, ana mzazi aliyesoma. Tukimnyima karatasi za majaribio tumemwacha mtupu. Nalichukulia jambo hili kwa uzito, na sisemi karatasi hizo zitupwe. Mtoto anapaswa kuzoea kujaza fomu ya majibu, kupima muda, na kusoma swali hadi mwisho kabla ya kuchagua. Hayo hujifunzwa kwa karatasi chache. Karatasi ya kumi na tano humwonyesha tu, kwa mara ya kumi na tano, kwamba sehemu hajui. Na pesa za karatasi hizo hutoka katika mfuko uleule wa mzazi ambaye tumekubali ni maskini, ilhali serikali humtengea mwanafunzi wa shule ya msingi shilingi 1,420 tu kwa mwaka. Kuhusu masomo ya likizo hakuna la kubishania: Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeyapiga marufuku, na barua ya shule isiwe ndiyo ya kuyatangaza.

Wengine watasema mwalimu hana muda. Kweli hana wa kutosha, na anayesema vinginevyo hajakaa na darasa la watoto hamsini. Lakini tayari mwalimu wa Gredi ya Nne, ya Tano na ya Sita anatoa tathmini za shuleni za Baraza la Mitihani (KNEC), anasahihisha na kuingiza alama kwenye tovuti ya Baraza. Kazi ngumu ya kujua mtoto amefikia wapi imekwisha kufanywa. Inaishia kwenye tovuti, mzazi akipokea tarakimu. Mistari mitatu kwa kila mtoto, mara moja kwa muhula, ndiyo tofauti yote. Ipo pia shaka kwamba alama za shuleni hupambwa. Basi barua hii ni dawa mojawapo, kwa sababu mzazi aliyeandikiwa kwamba mtoto wake anasoma vizuri anaweza kumpa kitabu jioni hiyo hiyo aone mwenyewe.

Mwisho ni wakati wa kuituma. KPSEA huja karibu na mwisho wa Oktoba, wakati mvua za vuli zimeanza na kahawa imeiva; mzazi yuko shambani tangu alfajiri, na mara nyingine mtoto pia. Barua inayomfikia wakati huo, hata iwe nzuri namna gani, imechelewa. Nawaomba walimu wakuu mliopo hapa muiandike mwisho wa muhula wa kwanza, kwa Kiembu na kwa Kiswahili, mistari mitatu kwa kila mtoto, bila nafasi. Wawakilishi wa wazazi, nanyi muidai mnapokuja kwenye mkutano. Muhula huo hufungwa wakati msimu mkuu wa kahawa ungali mbali, na mzazi ana jioni nyingi mbele yake.