Maji Mapya Yakiingia Ziwani, Samaki Apewe Nafasi ya Kuzaa

Hotuba kwa wavuvi wa maziwa ya Garsen na Tana Delta



Kila mvuvi wa Garsen anazijua dalili. Masika inanyesha kule juu, Mlima Kenya na Aberdare. Mto Tana unageuka rangi, maji yanapanda kingo na kutafuta njia zake za zamani. Yanaingia Bilisa, yanaingia Shakababo, na mahali palipokuwa malisho ya ng'ombe panakuwa maji ya magotini. Mtoto anarudi nyumbani na kambare mkononi bila hata ndoana. Siku hizo samaki huonekana wengi na hukamatwa kwa urahisi kuliko wakati mwingine wowote. Hapo ndipo hasara ya mwaka mzima huanzia.

Samaki hao wamefuata nini kwenye nyasi? Wamekuja kuzaa. Kambare hungoja maji mapya. Mvua ikinyesha na maji yakipanda, hutoka kwenye kina usiku na kwenda pembeni, palipo na nyasi zilizofunikwa na maji. Jike hutaga mayai yake hapo, nayo hushika kwenye majani. Kukiwa na joto kama la kwetu, mayai huanguliwa kwa muda wa siku moja hivi au mbili. Jike moja la kilo moja linaweza kubeba makumi ya maelfu ya mayai. Wengi kati ya watoto hao huliwa na ndege na samaki wengine, lakini wachache wanaobaki ndio wanaojaza mitumbwi miezi inayofuata. Anayemchoma mkuki kambare jike usiku ule anapata kitoweo cha jioni moja na kulipunguzia ziwa uzao wote uliokuwa tumboni.

Tilapia ana desturi yake. Jike huatamia mayai mdomoni, na hata baada ya kuanguliwa watoto hukimbilia mdomo wa mama hatari ikija. Ukimtoa majini, umetoa na watoto wake. Kamongo naye, yule anayejizika kwenye matope wakati wa ukame na kuvuta hewa kama mtu, hutengeneza kiota penye majani, na dume hubaki kukilinda. Ni rahisi kumpiga dume huyo kwa sababu hakimbii. Akiondoka, watoto hawana mlinzi.

Wazee watasema kwamba zamani watu walivua kwenye nyasi na samaki hawakuisha. Ni kweli, lakini zamani mto ulikuwa na tabia nyingine. Mabwawa ya umeme yamejengwa huko juu: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mabwawa hayo huzuia sehemu ya maji na tope, na mafuriko ya kawaida, yale ya wastani yaliyokuwa yakija mara mbili kwa mwaka na kulisha maziwa, yamepungua. Mafuriko makubwa bado huja, kama ya mwaka 2018 na ya mwaka 2024, nayo yalileta maafa makubwa. Kati ya hayo mawili ulipita ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, ambapo mvua zilishindwa misimu mitano mfululizo. Ziwa lisilopata maji ya mto hunywea, likawa dimbwi, kisha matope yaliyopasuka. Kwa hiyo kila mara maji yanapofika ziwani, ile ni nafasi ambayo huenda isirudi upesi. Delta hii ilitambuliwa mwaka 2012 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, lakini mkataba hauvui samaki wala hauwalindi usiku. Kazi hiyo ni ya watu wa hapa.

Kuna swali ambalo mama wa watoto watano ana haki ya kuliuliza: mafuriko yamechukua mahindi na ndizi, nyumba haina unga, na samaki wako mlangoni. Je, asiwaguse? Hakuna anayeambiwa alale njaa. Linaloombwa ni kubadilisha mahali na chombo kwa muda mfupi.

Kwanza, mdomo wa mfereji usizibwe. Uzio wa fito na migono vikivuka mfereji wote kutoka ukingo hadi ukingo, hakuna samaki anayeingia ziwani kuzaa. Nusu ya njia iachwe wazi, mchana na usiku. Penye tope lililojaa mdomoni, wanakijiji wakutane walichimbue kabla ya mvua, maana mfereji ukifa, ziwa nalo hufa.

Pili, kwenye nyasi za pembeni pasivuliwe wakati maji yanapanda. Mvuvi aende kwenye kina, atumie ndoana kwa kambare, na nyavu zenye macho mapana zinazompitisha samaki mchanga.

Tatu, chandarua kibaki kitandani. Mafuriko huleta mbu, na mbu huleta malaria. Chandarua kikikokotwa majini, nyumba inapoteza kinga na ziwa linapoteza vifaranga. Sumu na vilipuzi ni marufuku kabisa chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016. Mwenye shaka kuhusu wavu wake aulize afisa wa uvuvi kabla ya kuununua, si baada ya kunyang'anywa.

Nne, makubaliano yafanywe mapema. BMU, wazee wa Gasa na wafugaji wanaonywesha mifugo kwenye ziwa lilelile wakae pamoja kabla ya masika, wachague sehemu itakayopumzishwa na siku ya kuifungua. Mpaka unaokubaliwa na wote hauhitaji askari wengi.

Jambo la mwisho ni uhai wa mvuvi mwenyewe. Maji yakipanda, mamba na viboko nao huhama na kufika pasipozoeleka. Mtoto asitumwe kutega peke yake, na mtu asisimame majini gizani. Hilo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuziacha nyasi usiku.

Mkulima wa Tana hali mbegu yake yote hata akiwa na njaa. Hubakisha ya kupanda. Kambare aliye kwenye nyasi wakati wa maji mapya ndiye mbegu ya mvuvi. Akiachwa wiki chache, soko la Garsen litakuwa na samaki maji yatakapotulia, na mama anayekaanga kando ya barabara atakuwa na cha kuweka kwenye karai.