Panya wa Kulisha Nyoka: Yaliyotupata Riruta

(Maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa vikundi vya kujisaidia, Riruta, Nairobi)

Wengine mlicheka mlipoona neno "panya" kwenye ratiba. Chekeni tu, hata majirani wametucheka vya kutosha. Mtu wa Riruta hununua mtego ili awatoe panya nyumbani mwake, na sisi tulichukua pesa za kikundi tukanunua panya tukawaingiza.

Asubuhi tukinywa chai, mama mmoja kutoka Kitui alituuliza: "Nyoka wanatuua sisi na mbuzi wetu. Ninyi mnawalisha kwa nini?" Swali hilo ni la haki, na afadhali tuanze nalo.

Mama, dawa ya sumu ya nyoka haitengenezwi bila nyoka. Nyoka hukamuliwa sumu, sumu hiyo hudungwa farasi au kondoo kidogo kidogo, mnyama hajafa, bali mwili wake unajitengenezea kinga. Kinga hiyo huchukuliwa kutoka katika damu yake, ikasafishwa, ikawa dawa ya mtu aliyeumwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka ulimwenguni, na mwaka 2017 liliweka jambo hili katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Ninyi wa Kitui, Baringo na Kilifi hamkuhitaji kuambiwa.

Kwa hiyo wapo watu wenye kazi ya kufuga nyoka. Hapa Nairobi, bustani ya nyoka iliyo karibu na Makumbusho ya Taifa ilifunguliwa mwaka 1961, na watoto wa shule huletwa huko kwa mabasi. Watamu liko shamba la nyoka la Bio-Ken, ambalo James Ashe alilianzisha mwaka 1980. Na kule Karen, si mbali na hapa ukifuata barabara ya Ngong, iko taasisi ya utafiti wa nyani ambayo siku hizi ina kituo cha kuchunguza nyoka na sumu yao. Nyoka wa mahali kama hapa hawali ugali. Kifutu, fira na chatu wanataka mnyama mwenye manyoya. Si nyoka wote, lakini. Yuko anayekula mayai tu, na wako wanaotaka kinyonga au mjusi. Wengi wanaofugwa, chakula chao ni panya.

Huko Ulaya na Marekani watu hufuga nyoka majumbani kama sisi tunavyofuga paka, na madukani panya huuzwa wakiwa wamegandishwa, kwa ukubwa mbalimbali, kuanzia kichanga chekundu kisicho na unyoya hata mmoja mpaka panya mkubwa wa kujaza mkono. Kwetu Kenya sivyo. Mtu hawezi kuokota nyoka msituni akamweka kwenye ndoo chini ya kitanda. Nyoka ni mnyamapori, na chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 anayetaka kumfuga huomba kibali kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori, yaani KWS. Kuna kijana alikuja kwetu akitaka panya wawili kila wiki kwa ajili ya nyoka aliyemtoa upande wa Ngong. Tulimwomba kibali, akaondoka, hakurudi. Tulipoteza mteja lakini tulilala salama.

Sasa habari yetu. Mwenzetu mmoja alisikia kwamba mfugaji fulani wa nyoka, mwenye kibali, anatafuta watu wa kumletea panya safi. Sisi tulikuwa na pesa za meri-go-raundi, tena tulikuwa tumechoka na kuku waliokuwa wakifa kila msimu wa baridi. Tukanunua panya weupe, wale wadogo wa maabara, kumi na sita. Tuliwagawa katika vizimba vinne, kila kizimba dume mmoja na majike watatu. Fundi wa jua kali alitutengenezea vizimba kwa mbao na wavu wenye macho madogo, ule wa kuanikia kahawa. Wavu wa kuku haufai, kwani panya mdogo anapita kama anayepita mlangoni.

Jike wa panya hubeba mimba siku 19 hadi 21. Huzaa watoto wanane, pengine kumi na zaidi. Watoto huacha kunyonya wakiwa na wiki tatu, na wakifika wiki sita hivi wao wenyewe wanaweza kupata watoto. Na jambo ambalo hatukuambiwa mapema: jike anaweza kushika mimba nyingine siku ile ile anayozaa, kama dume yuko naye. Piga hesabu. Majike kumi na wawili, kila mmoja watoto wanane, ni tisini na sita kwa mzao mmoja. Kabla ya miezi mitatu kwisha tulikuwa na panya karibu mia tatu.

Tulifurahi! Mweka hazina alizidisha panya kwa bei akatuonyesha kitabu, na mama mmoja wa kikundi akaanza kusema habari ya karo ya sekondari ya mtoto wake.

Lakini hatukuwa tumehesabu midomo ya nyoka. Nyoka mchanga hula mara moja kwa siku tano au saba. Mkubwa hula baada ya wiki mbili, na chatu aliyeshiba vizuri anaweza kukaa zaidi ya hapo bila kumdai mtu chakula. Mnunuzi wetu alitaka panya kumi na watano kwa wiki, basi. Wale wengine wote walikuwa wanakula kwetu. Panya mdogo hula kama gramu tano kwa siku. Si kitu, lakini mia tatu hula kilo moja na nusu kila siku, na mwezi ukiisha ni kilo arobaini na tano, nusu ya gunia. Panya hangoji mnunuzi. Ng'ombe asiyeuzika leo utamkamua kesho, lakini panya asiyeuzika leo kesho ni panya kumi.

Hapo tulijifunza kutenga madume na majike mapema, wakiwa na wiki tatu au nne, na kuacha vizimba viwili tu vya kuzaa. Tungefanya hivyo tangu mwanzo tungeokoa pesa nyingi.

Kosa kubwa lilikuja baadaye, na tumekubaliana kulisema hapa bila kuficha. Mnunuzi aliuliza kama tunaweza kupata panya wakubwa, kwa sababu alikuwa ameletewa chatu. Sisi viongozi tukajibu ndiyo, ishirini, tarehe fulani. Hatukwenda hata kuchungulia kizimba. Tarehe ikafika, na panya wakubwa weupe waliokuwa tayari ni saba. Mwenzetu aliyepewa kazi ya kupeleka mzigo aliona aibu kurudi mikono mitupu, akawalipa vijana wa Kawangware wakamtegea kumi na watatu kwenye mitaro. Akawagandisha pamoja na wale saba. Alisema moyoni, panya ni panya, akishakuwa barafu nani atajua?

Mnunuzi alifungua mfuko mezani. Weupe saba na wa kijivu kumi na watatu. Hakugomba. Alifunga mfuko, akaturudishia, akasema tusilete tena.

Ilikuwa haki yake. Panya wa mtaroni hujui amekula nini. Katika mitaa yetu sumu ya panya inauzwa kando ya njia kama njugu, na sumu ikiwa ndani ya panya inaweza kuingia ndani ya anayemla. Ana viroboto na minyoo. Mkojo wake unaweza kuwa na vijidudu vya leptospirosisi, na hao hawamngojei nyoka, humwingia mwanadamu kupitia mkwaruzo wa mkono. Vijana wale waliwashika kwa mikono mitupu. Mpaka leo hilo linatusumbua kuliko hasara.

Miezi saba hatukuuza panya hata mmoja. Yule mama wa karo alitoa fungu lake akajitoa kikundini, na hatukuwa na neno la kumwambia. Katika mkutano tulimweka mwenzetu katikati tukamlaumu yeye peke yake, saa mbili nzima, mpaka mzee mmoja akauliza: "Na aliyeahidi ishirini bila kuhesabu ni nani?" Tukanyamaza. Mwenzetu huyo bado yuko nasi, na sasa ndiye mwenye daftari la vizimba. Hakuna anayehesabu kwa makini kuliko yeye.

Tulirudi kwa mnunuzi tukiwa na daftari hilo. Tulimwalika aje aone tunavyofuga, akaja, akaanza tena na panya watano kwa wiki. Haya ndiyo aliyoyaona na aliyoturekebisha.

Matandiko yetu ni maranda ya mbao, lakini si ya mtarakwa. Harufu ya mtarakwa mnayoipenda kwenye sanduku la nguo inawadhuru panya mapafuni. Maranda hubadilishwa kabla harufu ya mkojo haijakuchoma macho. Ikikuchoma wewe uliyesimama, fikiri aliyelala ndani. Mwenye pumu asifanye kazi hii, tunaye mmoja aliyelazimika kuacha. Chakula ni cha tembe, kile cha kutengenezwa kwa ajili ya panya, tukikipata, na kikikosekana ni nafaka zisizo na kuvu pamoja na chakula cha dukani. Mahindi yaliyooza tusiyoweza kula sisi, na panya wasipewe. Maji yawe kwenye chupa iliyopinduliwa, maana bakuli hulichafua kabla hujageuka. Riruta mwezi wa saba ni baridi, kwa hiyo tunawapa karatasi zilizochanwa wajitengenezee viota. Jike akizaa, usimchunguze siku za kwanza. Akisumbuliwa anaweza kuwala watoto wake, na hata watoto wetu wa nyumbani walilia walipoona hivyo.

Sasa kuua. Wengi hawapendi kulisikia, lakini ni nusu ya kazi. Mnunuzi hataki panya hai, na yuko sawa. Panya akitupwa hai na nyoka hana njaa, panya ndiye anayemla nyoka. Humwuma mgongoni na usoni, na kidonda chake kinaweza kumwua. Tena si vizuri kumwacha kiumbe akitetemeka ndani ya sanduku. Tulifundishwa na mganga wa mifugo namna ya kutenganisha shingo kwa mkono mara moja, na ni watu wawili tu kati yetu wanaoruhusiwa, wale ambao mikono yao haisitisiti. Hatutumii sumu wala dawa ya kulewesha, kwa kuwa itamfikia nyoka. Kumtia panya kwenye friza akiwa hai ni ukatili, hatukubali.

Aliyekufa hulazwa apoe, akanyoshwa vizuri, mkia umelala, kisha huwekwa kwenye mfuko wa plastiki usioingiza hewa, kwa ukubwa wake, na juu tunaandika tarehe, namba ya kizimba, na jina la aliyemwua. Mambo haya matatu tuliyaongeza baada ya ile aibu. Friza yetu ni ya panya tu. Mtu asiniambie ataweka upande huu panya na upande ule nyama ya watoto. Stima ikipotea muda mrefu na mzigo ukayeyuka, tunautupa, haugandishwi mara ya pili. Zaidi ya miezi sita hatuweki.

Mnunuzi naye ana kazi yake, nasi tuliomba kuiona ili tujue tunauza nini. Jioni huhamisha panya kutoka friza kwenda friji, alale humo ayeyuke polepole mpaka ndani. Kesho yake humtia, akiwa bado ndani ya mfuko, kwenye maji ya moto kiasi, yale unayoweza kumwogeshea mtoto, mpaka apate joto kama la kiumbe hai. Wako nyoka wanaolihisi joto hilo, na panya baridi huweza kumpita asimwone. Hachemshi, maana panya aliyepikwa hupasuka. Huchagua panya ambaye unene wake haupiti sana sehemu nene ya mwili wa nyoka. Humshika kwa koleo refu, kamwe si kwa vidole, kwani mkono unaonuka panya kwa nyoka ni panya. Akisha kula, huachwa siku mbili bila kushikwa, la sivyo hutapika. Na kugandisha hakuui vijidudu vyote, hivyo mikono huoshwa kwa sabuni kila mara, kwake na kwetu.

Mtatuuliza faida. Sasa tunauza panya thelathini kwa wiki kwa wanunuzi wawili wenye vibali, pesa zinaingia kwa M-Pesa, zinalipa chakula, stima na kodi ya chumba, na kinachobaki kinagawanywa kila baada ya miezi mitatu. Si nyingi. Anayeishi mbali na mahali panapofugwa nyoka asianze kazi hii, sungura watamfaa zaidi. Anayeishi karibu, na aende kwanza kwa mnunuzi, aandikiane naye idadi na ukubwa kwa wiki, ndipo amwite fundi wa vizimba.

Yule mama wa karo tulimpelekea salamu mwezi uliopita. Hajarudi, lakini alipokea.

Baada ya chakula, wanaotaka kuona vizimba tutawapeleka, ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu upande wa Kabiria. Ingieni watano watano, viatu vibaki nje, na tafadhali msiwape mkate.