Kampuni Iliyolala Haisamehewi Ritani

Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, nayo yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Jambo tulilopewa si tamu masikioni, nalo ni ritani ya kodi ya mapato kwa kampuni ndogo, hasa kampuni isiyofanya kazi yo yote. Lakini tumelikubali kwa moyo, kwa kuwa twajua ya kwamba wengi katika sisi watumishi wa Serikali tumo katika kampuni za namna hii. Watu watano au sita wa ofisi moja hupatana, huchanga fedha, huandikisha kampuni kwa nia ya kununua kiwanja, au kuweka mashine ya kusaga unga, au kuuza vyakula mashuleni. Cheti hutoka, hutiwa katika fremu, na watu hupongezana. Kisha mmoja huhamishwa Garissa, mwingine Kisii, wa tatu hustaafu. Na kampuni hulala. Hapana aliyeizika, wala hapana anayeilisha.

Basi wenyewe hufikiri hivi: kampuni haikupata hata senti moja, kwa hiyo haina neno na watoza kodi. Fikira hii ndiyo tuliyokuja kuipinga leo.

Tuanze na asili ya jambo. Wazee wetu walitozwa kodi ya nyumba tangu mwaka 1901, nayo ilikuwa rahisi kuhesabiwa: mtoza kodi alikuja mwenyewe, akahesabu vibanda, akadai. Kodi ya mapato, ambayo ililetwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1937, si ya namna ile. Siku hizi mwenye mapato hujihesabia mwenyewe, akajiandikia mwenyewe, akapeleka maandishi. Hayo maandishi ndiyo ritani. Kwa hiyo Mamlaka ya Mapato ya Kenya ikiona kimya, haiwezi kujua kama kimya kile ni cha asiye na kitu au ni cha mwenye kuficha. Anayesema “sina” ametimiza wajibu wake, anayenyamaza hakutimiza.

Tena kampuni ni mtu mbali na wenyewe. Jambo hili liliamuliwa London mwaka 1896 katika kesi ya fundi wa viatu aliyeitwa Aron Salomon. Yeye alikuwa na hisa 20,001 katika hisa 20,007 za kampuni yake, na sita zilizobaki zilikuwa za jamaa yake, moja moja. Hata hivyo mahakama kuu ya Uingereza ilisema ya kwamba kampuni ni mtu mwingine, na madeni yake si madeni ya Salomon. Sheria yetu ya Makampuni ya mwaka 2015 yafuata njia ile ile. Sisi hulipenda sana jambo hili tunapotaka kujikinga na madeni, lakini husahau upande wake wa pili: mtu huyu tuliyemzaa ana namba yake ya PIN, na ritani zetu za mshahara hazimtoshelezi yeye. Mtumishi aweza kupeleka ritani yake kila mwaka bila kukosa, na kampuni yake ikawa na makosa ya miaka sita.

Sasa tutazame siku zilizowekwa. Kampuni hupewa miezi sita tangu mwisho wa mwaka wake wa hesabu kupeleka ritani. Ikiwa mwaka wake waisha tarehe 31 Desemba, siku ya mwisho ni 30 Juni. Ikiwa waisha tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ni 31 Desemba. Lakini angalieni sana: kodi yenyewe, kama ipo, haingoji mwezi wa sita. Salio lake hulipwa kabla ya kwisha mwezi wa nne. Watu wengi wameshikwa hapa, wakidhani ya kwamba ritani na malipo huenda pamoja. Kodi ya kampuni ya wenyeji ni asilimia 30 ya faida, na inayochelewa huongezwa adhabu ya asilimia 5, na riba ya asilimia 1 kila mwezi.

Na ritani ikichelewa, adhabu ya kampuni ni asilimia 5 ya kodi inayodaiwa au shilingi 20,000, iliyo kubwa katika hizo mbili. Maneno haya ya mwisho ndiyo yenye uchungu. Asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Basi iliyo kubwa ni shilingi 20,000, na kampuni isiyo na senti yatozwa hizo kwa kila mwaka uliopita kimya. Tuseme kampuni ya wale wenzetu wa kiwanja imelala miaka sita bila kupeleka kitu. Adhabu ni shilingi 120,000, nayo haikuuza hata kibaba cha unga. Mtu mmoja angekosa ritani yake mwenyewe, kiasi cha chini ni shilingi 2,000 tu. Sheria humhesabu mwenye kampuni kuwa ni mtu aliyejua alilofanya.

Kuna mtego mwingine ulio mbaya kuliko huu. Kampuni inapoandikishwa, mara nyingine karani huitia katika kodi ya ongezeko la thamani, na katika kodi ya mishahara ya wafanyakazi, akifikiri ya kwamba anaisaidia. Kodi hizi mbili zina ritani ya kila mwezi: ya mishahara kabla ya kupita tarehe 9, ya ongezeko la thamani kabla ya kupita tarehe 20. Adhabu ya chini ya kila moja ni shilingi 10,000. Miezi 12 ya kimya katika moja tu ni shilingi 120,000. Kwa hiyo kila mwenye kampuni na afungue iTax, atazame ni wajibu gani ulioandikwa chini ya namba ile ya PIN. Kodi ya ongezeko la thamani humlazimu mwenye mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka. Kampuni iliyolala haina haja nayo, na yaweza kuomba iondolewe.

Namna ya kupeleka ritani tupu ni nyepesi. Mkurugenzi huingia iTax kwa PIN ya kampuni na neno la siri, huchagua ritani ya sifuri, huchagua kodi ya mapato ya kampuni, hutia tarehe za mwaka, hupeleka, na hupata hati ya kupokelewa. Hati ile na ipigwe chapa na kuwekwa katika faili, maana kumbukumbu za kodi hutakiwa kuwekwa miaka mitano. Kama miaka mingi imepita, anzeni na ule wa nyuma kabisa. Na anwani ya barua-pepe iliyoandikwa iTax iwe ya kampuni, si ya kijana wa duka la kompyuta aliyewasaidia siku ile. Maana ilani zote za Mamlaka hupelekwa huko, na akihama mtaa, habari zenu zimehama naye.

Lakini si kila kampuni isemayo “nimelala” imelala kweli. Kiwanja kikikodishwa kwa mwenye kibanda, kodi ya pango ni mapato. Fedha zilizowekwa benki zikizaa riba, riba ni mapato. Mwenye kuandika sifuri hali akijua ya kwamba kuna kitu amesema uwongo kwa maandishi, na kosa hili si la kusahau tena. Kwa upande mwingine, kampuni iliyofanya kazi ikapata hasara isiandike sifuri, bali iandike hasara yake, kwa kuwa hasara huchukuliwa mbele ikapunguza faida ya miaka ijayo. Sheria ya mwaka 2025 imeweka mpaka wa miaka mitano. Anayeandika sifuri ameitupa haki hiyo.

Kampuni ndogo iliyo macho, yenye mauzo yanayozidi shilingi milioni 1 wala hayazidi milioni 25 kwa mwaka, huingia katika kodi ya mauzo. Tangu Julai 2023 kodi hiyo ni asilimia 3 ya mauzo yote, si ya faida, nayo hupelekwa kila mwezi. Ikiwa faida yenu ni nyembamba, mwaweza kumwandikia Kamishna kuomba kutozwa kwa njia ya kawaida. Pigeni hesabu kwanza.

Wako watakaosema: tungoje msamaha. Ni kweli, Serikali ilitoa msamaha wa adhabu na riba tangu Septemba 2023 hata Juni 2024, na tena tangu Desemba 2024 hata tarehe 30 Juni 2025. Lakini ule wa pili uligusa miaka iliyoishia 31 Desemba 2023 tu. Kujenga nyumba juu ya msamaha usiotangazwa si busara.

Basi, ndugu zetu, njia ni tatu, wala hakuna ya nne. Ya kwanza, kampuni iamshwe ifanye kazi. Ya pili, ilale, lakini kila mwaka ipelekewe ritani ya sifuri kwa Mamlaka, na taarifa yake ya mwaka kwa Msajili wa Makampuni. Hizi ni mbili mbali, wala moja haisimami mahali pa mwenzake. Ya tatu, ifungwe kwa heshima: ritani zikamilishwe, madeni yalipwe, kisha wakurugenzi wamwombe Msajili alifute jina, naye hutangaza katika Gazeti la Serikali kabla ya kulifuta.

Hapo twaomba mtusikilize vizuri. Msikubali jina lifutwe hali kiwanja kingali kimeandikwa kwa jina la kampuni. Kampuni ikiisha kuvunjwa, mali iliyobaki kwa jina lake huhesabiwa kuwa haina mwenyewe, nayo huwa ya Serikali. Michango ya watu sita, iliyokatwa katika mishahara midogo mwezi kwa mwezi, yaweza kupotea hivyo bila mwizi. Ihamisheni mali kwanza, ndipo mzike.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya mkutano ujao, kila mwanachama aliye na cheti cha kampuni ukutani na atazame tarehe yake, ahesabu miaka, awaite wenzake, nao wachague njia moja katika tatu. Sisi tutakuwapo kuwasaidia watakaoleta karatasi zao.