Figiri Badala ya Saladi ya Mtoni: Neno la Kamati ya Fedha



Sisi wa kamati ya fedha mmezoea kutuona na vitabu vya hesabu. Leo tumekuja na mboga.

Tuliletewa pendekezo kwamba bustani za akina mama nyumbani zilime saladi ya mtoni, ile ya majani madogo yenye ukali, inayoliwa mbichi. Tulilipima kama tunavyopima bajeti, likakwama mara mbili. Kwanza, saladi hiyo hutaka maji yanayotiririka mwaka mzima. Mto Ruvuma unaanzia pale kwetu Matogoro, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pili, pale mifugo inapokunywa, anayeila mbichi anaweza kupata minyoo ya ini.

Kwa hiyo tunaomba tuchangie figiri. Ni ya ukoo mmoja na saladi hiyo, ndiyo maana nayo huwasha ulimi kidogo. Asili yake ni Ethiopia, kwenye nyanda za juu, hivyo baridi yetu ya Juni na Julai haiitishi. Haihitaji mto, tuta lenye samadi nyuma ya nyumba na maji ya ndoo wakati wa kiangazi yanatosha. Baada ya wiki tano au sita mama anachuma majani ya chini, na shina linaendelea kutoa mengine. Machanga yanakatwa kwenye kachumbari, yaliyokomaa yanaungwa kwa karanga na kuliwa na ugali.

Lakini kilichotuvutia sisi wahasibu ni mbegu. Ukiacha mashina machache yatoe maua na maganda yakauke, mbegu za msimu ujao unazo mkononi. Tunachanga mara moja, bustani inaendelea yenyewe.

Michango yenu itanunua mbegu za kuanzia, samadi na keni za kumwagilia, pamoja na nauli ya bwana shamba. Fomu ya ahadi imo katika kitabu hiki. Ahadi ndogo inayolipwa ina faida kuliko kubwa inayobaki kwenye karatasi, na kila shilingi tutaitolea hesabu mbele yenu mwakani.

Karibuni tuchangie.