Nakala za Daftari Letu

Maneno ya Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wanachama na wageni, Benaco, katika sherehe ya kutimiza miaka 10



Waliotutangulia wamekwisha kunena habari za kahawa na bei zake, nasi hatutazirudia. Sisi wa ofisi tumepewa nafasi fupi tueleze jambo lisiloonekana ghalani wala juu ya mizani, nalo ni usalama wa daftari la kilo zenu.

Daftari hilo, kama mjuavyo, haliko hapa. Limo ndani ya seva, yaani kompyuta ya kukodi iliyoko Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka njia panda hii ya Benaco. Karani wa chama cha msingi akiisha kupima magunia huandika kilo kwa simu yake, nazo hufika huko mara moja. Hapo mwanzo tuliona kwamba nakala moja yatosha; tukaweka kompyuta ya pili ofisini, tukaiamuru ijifananishe na seva kila saa. Tuliionea fahari sana.

Katika msimu wa mwaka wa 6 wa Chama, sisi wenyewe, tukiondoa majina ya wanachama waliohama, tulifuta kwa makosa kilo zote za chama kimoja cha msingi. Saa haikutimia kabla kompyuta ya pili haijafanya kazi yake kwa uaminifu: nayo ilifuta. Kumbe tulikuwa na kioo, wala hatukuwa na nakala, na kioo hakiweki sura ya jana.

Siku 9 tulikaa tukiandika upya kutoka vitabu vya stakabadhi. Mama mmoja alituletea stakabadhi zake zote ndani ya kopo la maziwa, zimepangwa kwa tarehe vizuri kuliko zetu. Malipo ya pili yalichelewa, na twajua ya kuwa baadhi yenu mliuza kahawa ya msimu uliofuata ingali mtini, kwa butura, mpate mahitaji ya watoto shuleni. Wanachama 3 hawakuwa na karatasi hata moja, na kurasa zao katika kitabu cha karani zilikuwa zimenyeshewa. Hao walilipwa kwa makadirio ya Kamati. Mmoja wao hajaridhika hata leo, nasi hatumlaumu.

Tangu hapo tumebadili mwendo. Saa 8 usiku, mtandao ukiwa mwepesi, kompyuta ya Benaco ndiyo iendayo kuchota kwa seva. Seva haina ufunguo wa kuingia kwetu, hata mwizi akiiteka hawezi kuzifikia nakala. Huchotwa yale tu yaliyobadilika, kwa njia waliyoitoa Andrew Tridgell na Paul Mackerras huko Australia mwaka 1996, nayo yatufaa sana, maana mtandao wa hapa mwaujua. Kila usiku una folda yake yenye tarehe, na faili lisilobadilika haliandikwi mara mbili, hivyo diski haijai upesi. Kosa la leo haliigusi folda ya jana.

Nakala nyingine iko Biharamulo. Mtauliza, mbona tusiziweke zote chumba kimoja chenye kufuli nzuri? Mwalikumbuka tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lililobomoa nyumba nyingi za Bukoba. Moto nao hauchagui tajiri. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva liliungua mjini Strasbourg, Ufaransa, na wateja wengine walipoteza hata nakala zao, kwa kuwa zilikaa mahali pale pale. Mwezi Septemba 2025 moto ulizuka katika kituo cha seva za serikali huko Daejeon, Korea Kusini, na hifadhi kubwa ya mafaili ya watumishi ikapotea, kwani haikuwa na nakala nje.

Iko na diski ya tatu, ambayo kila Ijumaa huchomolewa na kufungiwa katika sanduku la chuma, kwa ajili ya radi.

Tulipojaribu kwa mara ya kwanza kulirudisha daftari kutoka katika nakala, tulihangaika siku 2 tukashindwa. Tulikuwa tumelichota huku programu ingali ikiandika ndani yake, likaja nusu nusu. Sasa programu hutoa kwanza nakala kamili ya hesabu zake, ndipo tuichote. Na kila miezi 3 twarudisha daftari la chama kimoja cha msingi katika kompyuta tupu, mbele ya Kamati ya Usimamizi.

Haja yetu ni hii: diski ya Biharamulo imechakaa, na betri ya hapa haifiki alfajiri umeme ukikatika. Gharama zake zimo katika makisio mtakayoletewa mchana huu. Jaribio la kurudisha daftari litafanywa kesho saa 3 asubuhi, ofisini, milango ikiwa wazi. Ajaye aje na stakabadhi zake, alinganishe mwenyewe. Yule mwanachama asiyeridhika tumemwomba awe wa kwanza kuketi mbele ya kompyuta, naye amekubali.