Ukumbi wa Wote Uwe na Mlango wa Wote

Mazungumzo kwa wasikilizaji wa Kisumu na wa kando ya Ziwa Viktoria



Katika mji wa Kisumu, na katika miji midogo na vijiji vya ufuo wa ziwa, ukumbi wa jamii ni nyumba yenye kazi nyingi. Humo hufanywa arusi na mikutano ya matanga. Humo akina mama wa vikundi huhesabu akiba yao. Humo chifu na maofisa wa kaunti huwaita wananchi watoe maoni juu ya barabara, maji na zahanati. Kumbi za namna hiyo zilianza kujengwa katika wilaya kadhaa za Kenya baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, na kusudi lake lilikuwa kwamba watu wapate mahali pa kukutana na kujifunza.

Lakini yafaa kuulizwa: Je, kila mtu aweza kuingia?

Na uchukuliwe mfano wa mvuvi wa makamo aliyekatwa mguu, ambaye sasa hutumia kiti cha magurudumu. Siku ya baraza husukumwa na mwanawe mpaka ukumbini. Mbele ya mlango zipo ngazi tatu. Vijana wanne wenye moyo mwema humwinua pamoja na kiti chake, kama gunia la mahindi, wakwe zake wakitazama. Mara ya kwanza hushukuru. Mara ya pili huona haya. Mara ya tatu hubaki nyumbani, na majirani husema, “Huyu hapendi maendeleo.” Kumbe yeye hakuyakataa maendeleo, ngazi tatu ndizo zilizomkataa.

Basi hilo ndilo jambo lenyewe. Mtu asiyeweza kuingia ukumbini hakosi burudani tu, bali hukosa sauti. Ikikatwa shauri kisima kichimbwe wapi, au soko lihamishiwe wapi, neno lake halimo.

Wala watu hao si wachache. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, katika Kenya nzima watu 2.2 kwa kila mia, wenye umri wa miaka mitano na zaidi, waliandikwa kuwa na ulemavu. Katika kaunti ya Homa Bay walikuwa 4.3 kwa kila mia, na katika Siaya 4.1. Yaani katika sehemu hizo za ufuo wa ziwa, hesabu ilikaribia kuwa maradufu ya ile ya nchi nzima.

Sheria nayo imekwisha kunena. Sheria ya mwaka 2003 iliwaagiza wenye majengo ya watu wote wayatengeneze ili watu wenye ulemavu waweze kuyatumia. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, iliwapa haki ya kufika mahali pote, kusafiri na kupata habari. Mwaka 2025 ilitungwa sheria mpya kushika mahali pa ile ya 2003. Lakini sheria haichanganyi saruji. Kazi hiyo ni ya kamati ya ukumbi na fundi wake.

Fundi na aanze kwa kupima. Kama ngazi ni tatu, na kila moja ina kimo cha sentimita 15, kimo chote ni sentimita 45. Kipimo kinachokubaliwa na mafundi wa nchi nyingi ni hiki: kwa kila sentimita moja ya kupanda, njia ya mteremko iwe na urefu wa sentimita 12. Kwa hiyo njia hiyo itakuwa na urefu wa mita 5 na sentimita 40. Ikifupishwa ili kuokoa mifuko miwili ya saruji, itakuwa kali mno. Mwenye kiti hataweza kupanda peke yake, na akishuka aweza kuanguka. Juu, mbele ya mlango, pawe na sakafu iliyo sawa, yenye nafasi ya mita moja na nusu, ili kiti kipate kugeuka. Kandokando pawe na vishikio kwa ajili ya wazee na wenye magongo.

Tena udongo uangaliwe. Katika uwanda wa Kano upo udongo mweusi ambao huvimba mvua inyeshapo na kupasuka wakati wa kiangazi. Njia iliyojengwa juu ya udongo huo bila msingi imara wa mawe na changarawe yaweza kuzama upande mmoja na kuachana na kizingiti. Hapo ngazi iliyoondolewa itakuwa imerudi.

Mlango uwe na upana wa sentimita 90. Mlango wa choo ufunguke kwa nje, na ndani pawe na nafasi ya kiti kugeuka. Maana mtu asiye na choo hawezi kukaa katika mkutano wa saa nne. Mitaro ya maji ifunikwe, na pikipiki zisiegeshwe njiani, kwa ajili ya asiyeona atembeaye na fimbo yake nyeupe. Kwa ajili ya viziwi, aalikwe mkalimani wa lugha ya ishara, naye asimame penye mwanga, si mbele ya dirisha. Wapo wengi wanaoijua lugha hiyo, kwa kuwa shule ya viziwi ya Nyang'oma, karibu na Bondo, ni miongoni mwa shule za kwanza za namna hiyo katika Kenya.

Watu wengine watauliza, “Gharama zote hizi ni kwa faida ya watu wangapi?” Jibu ni kwamba njia ya mteremko haichagui mtu. Mama mjamzito ataipita, na bibi mwenye maumivu ya magoti, na vijana waletao viti na masufuria ya arusi kwa mkokoteni. Na ukumbi ukijengwa upya, gharama ni ndogo kuliko kubomoa baadaye.

Lakini kabla ya jembe kupigwa, kamati na iwaite wenye ulemavu wenyewe, watembee pamoja nao kutoka barabarani mpaka kitini, na kutoka kitini mpaka chooni. Popote watakaposimama kwa kushindwa, hapo ndipo pa kuanzia kazi. Mtu mwenye miguu miwili hupita juu ya kizingiti kila siku bila kujua kwamba kipo.

Wahenga walisema, kabla hujafa hujaumbika. Aketiye leo katika kamati, akipiga kura kwamba fedha hazitoshi, hajui kesho ataufikia mlango huo huo kwa miguu au kwa magurudumu.