Malori ya Mpakani na Njia ya Wananchi

Ndugu wasikilizaji, na hasa nyinyi askari wa jeshi na polisi mlioko katika vituo vya magharibi.

Kila Jumanne na Ijumaa, siku za soko la Mpondwe, barabara ipitayo Bwera huwa nyembamba kuliko ilivyojengwa. Lami haikupungua. Matrela ndiyo yameegeshwa pande zote mbili, yakingoja karatasi za forodha yavuke mto Lhubiriha kuingia Kasindi. Mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani, mtoto aendaye shule na kijana wa boda boda, wote hulazimika kupita katikati.

Jambo hili lina asili yake. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kuchukua shaba ya Kilembe, na kwa miaka mingi mizigo mizito ilikwenda kwa mabehewa. Treni zilipokoma katika miaka ya 1990, mzigo wote ukawa wa barabara. Saruji ya Hima, chumvi ya Katwe, mafuta na mabati hupita kwa lori hadi Kikorongo, na kutoka hapo kilomita 38 mpaka mpakani. Mwezi Juni mwaka 2021 Rais Museveni na Rais Tshisekedi walizindua hapo Mpondwe ujenzi wa barabara za Kongo, ikiwamo ile ya Kasindi hadi Beni. Mwaka 2022 Kongo ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Biashara inakua, nasi twaifurahia. Lakini malori yanaongezeka na mji ni ule ule.

Mwezi Juni mwaka 2019 ugonjwa wa Ebola ulivuka mpaka huo, na wagonjwa wakalazwa Bwera. Usiku wa tarehe 16 Juni mwaka 2023 adui aliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha na kuwaua wanafunzi wetu. Kikosi kiendacho kuokoa, au gari lichukualo wagonjwa, haliwezi kungoja dereva wa trela atafutwe katika nyumba za kulala wageni ili aondoe gari lake.

Kuna na jambo la upande. Kongo huendesha kulia, sisi kushoto. Dereva aliyeondoka Beni alfajiri akishika kulia, akivuka na kuukuta upande wa kushoto umezibwa na trela isiyo na taa, iliyowekewa matawi ya miti tu nyuma yake, atakumbuka vipi upande wake?

Sheria hazikosekani. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2013 imeweka mwisho wa uzito kuwa tani 56 kwa gari na mzigo wake. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1997 inazipa halmashauri zetu mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Basi Kasese na Bwera zaweza kutaja njia ya malori, saa za kupita mjini, na uwanja wa kuegesha ulio nje ya barabara. Uwanja huo uwe na taa, choo na mlinzi, kwani dereva hawezi kuliacha gari lenye mali ya watu mahali penye giza. Kumfukuza barabarani bila kumwonyesha pa kwenda ni kumhamishia tu mbele, ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, ambako tembo huvuka usiku.

Hapa nawageukia nyinyi wenyewe. Ikiwa dereva mmoja anaachwa kwa sababu ametoa chai, yule wa pili hataondoka kwa amri. Na lori la jeshi likiegeshwa mbele ya duka huku koplo akinunua sigara, trafiki kijana atapata wapi ujasiri wa kumwamuru raia? Makamanda wa vituo waanze na magari yao wenyewe, kabla ya soko la Ijumaa ijayo.